Oili Imezidi

Dada wawili walirithi gari la baba yao, na tangu mazishi walikuwa hawasemeshani. Mkubwa, muuguzi, alilitumia asubuhi. Mdogo, mshonaji, alilichukua jioni. Ufunguo waliachiana kwa mama.

Muuguzi alikuwa na mazoea yake. Kila akifika nyumbani na kuzima injini, alifungua boneti papo hapo na kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Akiona imepungua, aliongeza kidogo. Hakujua kwamba mdogo wake naye alifanya vivyo hivyo.

Gari likaanza kufuka moshi. Mama akawaburuta wote wawili hadi kwa fundi.

Fundi alipima, akaguna. “Nani anaongeza oili humu?”

“Mimi,” wakajibu kwa pamoja, kisha wakatazamana.

“Basi mnalipenda hadi mmelivimbisha tumbo. Ukizima tu, oili bado iko juu. Egesha mahali tambarare, usubiri ishuke, ndipo upime. Ikiwa kati ya alama mbili, imetosha. Ikizidi, nayo inaharibu injini.”

Akapunguza iliyozidi, akaliwasha kidogo, akalizima, akaenda kunawa. Dada wale wakabaki wameegemea mlango, wakisubiri.

“Nilidhani hulijali, dada,” mdogo akasema.

“Hata mimi nilidhani wewe ndiye hulijali. Baba angetucheka sisi!”

Mdogo akacheka, mara machozi yakamtoka. Mkubwa akamshika bega.

Fundi aliporudi, aliwasikia wakiongea kwa sauti ya chini, akaamua kushughulikia gari jingine kwanza.