Homa ya Kuazima

Recheli alitia saini karatasi ya mwisho, akarudisha kalamu. Sista Imakulata, muuguzi wa wodi ya utafiti mjini Tabora, akamuuliza tena, "Unaelewa tutakuchoma sindano ya nini?"

"Sumu iliyotolewa kwenye bakteria, bakteria wenyewe hawamo. Nitapata homa kwa saa chache, nanyi mtatazama damu yangu inavyopambana nayo."

"Na unaweza kukataa hata sasa."

"Najua, Sista."

Jambo moja hakulisema. Wakati wa mvua za mwaka jana, mdogo wake Amon alijikata mguu kwa shoka akichonga mizinga ya nyuki kule kwao Ipole. Siku ya nne akaanza kutetemeka. Recheli akasema ni malaria, kama ambavyo yeyote angesema msimu ule. Akamnunulia dawa ya mseto, wakamfunika mablanketi mawili, wakasubiri. Kumbe kidonda kilikuwa kimetia sumu kwenye damu. Walipomfikisha hospitali, Amon alikuwa hamjui mtu. Tangu matanga Recheli anajiuliza swali lilelile: mtu makini asingeitambua homa ile?

Walimpima malaria kwanza. Hakuwa nayo. Ndipo wakamchoma.

Kwenye kitanda cha pili alilala mshiriki mwenzake, Prosperi, mkulima wa tumbaku kutoka Ulyankulu. "Dada, nyumbani tutasemaje? Kwamba tulipanda basi kuja kuugua?"

"Sema tulikuja kuazima homa."

"Basi wenyewe waifuate mapema. Mimi sikai na cha watu."

Baada ya saa moja na ushee, meno ya Recheli yalianza kugongana. Baridi ilitoka ndani ya mifupa, kiuno kikauma, kichwa kikawa kizito kama gogo bichi.

"Sista, kipimo chenu kimekosea. Hii ni malaria."

"Huna malaria, dada."

"Nimeiugua tangu utotoni. Naijua. Ndiyo hii."

"Kila mtu aliyelala hapo ameniambia hivyo," Sista Imakulata alisema, akimpima mapigo ya moyo. "Mwili hautuambii homa imetoka wapi. Ndiyo maana tunapima. Na mwenye kidonda akitetemeka, hasubiri hata siku moja."

Recheli akageukia ukutani. Amon naye alisema, "Ni malaria tu, dada, nifunike." Hata yeye aliyekuwa ndani ya mwili ule hakujua.

Alasiri homa ilishuka, shuka likalowa jasho. Akampigia mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamekuumiza?"

"Hapana. Mama, nimeugua kama Amon. Ningeapa ni malaria. Nisingejua."



"Blanketi la pili nililileta mimi," mama alisema. "Nikasema atoke jasho, atapona. Limekunjwa tangu siku ile, siwezi kuligusa."

"Usiliguse kwanza. Kesho wakiniruhusu nakuja, tulifue wote."