Mahameli Isiyoshonwa

"Vitambaa vinne vya gauni," alisema Zuurakan huku akijipakia siagi kwenye mkate wa nyumba ya mdogo wake, Toktosun. "Kimoja cha mama wa bibi harusi, vitatu vya shangazi zake. Na kondoo mmoja. Kwa harusi ya Jumamosi kila nyumba ya ukoo inatoa hivyo hivyo, wifi."

Burulkan hakuondoa mguu kwenye cherehani. Sketi za sare za shule, kazi ya kulipwa, zilikuwa zimelundikana hadi dirishani, na nyuma ya sikio lake kitu kilikuwa kinagonga sawasawa na sindano. Muuguzi wa zahanati alikuwa amempima presha mkono mmoja, kisha akampima wa pili, kana kwamba wa kwanza umesema uongo. Kidonge kila asubuhi, alimwambia, hata siku usiyoumwa. Burulkan alikimeza siku alizoumwa tu. Hivyo pakiti ilichelewa kuisha.

"Ng'ombe tulimuuza kwa matanga ya baba mdogo," alisema. "Na muuguzi amenikataza kukesha. Presha imepanda."

"Presha ya nani haijapanda? Ukishamaliza kushona, lala." Zuurakan alijimiminia chai. "Binti yako Aizada naye ataolewa. Nani atakuja na kitu kwenu, kama ninyi hamwendi na kitu kwa watu?"

Burulkan alipitisha sketi nyingine chini ya sindano.

"Na usiseme sikusaidii." Zuurakan alitoa kwenye mfuko kitambaa cha mahameli, buluu iliyoiva. "Hiki nakupa bure. Bado vitatu."

Burulkan alikipapasa, akageuza pindo. Kwenye kona palikuwa na mshono mdogo wa uzi mwekundu, wa kushika mkunjo usifumuke. Aliutambua: ulikuwa wa mkono wake mwenyewe. Kwenye mikunjo, mahameli ilikuwa imepauka. Kitambaa kilikuwa kimepita nyumba baada ya nyumba, karamu baada ya karamu, na hakuna aliyewahi kukivaa.

"Hiki nilikitoa mimi, wifi. Harusi ya kijana wa Sabyrbek. Nilishona mapazia baridi nzima ili nikinunue."

Zuurakan alicheka, mkate mdomoni. "Basi kimekukumbuka. Kitume tena, kinajua njia."

Alipoondoka, Toktosun, mume wa Burulkan, aliingia kutoka zizini, akasimama karibu na jiko bila kuvua kofia.

"Dada kasema vingapi?"

"Vinne. Na kondoo."

"Tutakopa."

"Kwa nani ambaye hatujamkopa?"

Burulkan aliinuka, chumba kikazunguka kidogo, akashika meza mpaka kikatulia. Alimeza kidonge kwa chai iliyopoa. Kisha akasukuma sketi pembeni, akatandaza mahameli mezani na kuchukua chaki. Alipima bega lake mwenyewe kwa shubiri, akachora mstari.

"Unampimia nani?" aliuliza Toktosun.

"Mimi."

"Buru. Kikiguswa na mkasi hakifai kutolewa zawadi tena."

"Najua."

"Jumamosi tutaenda na nini?"

Burulkan alikata uzi mwekundu kwanza, akaupuliza sakafuni. Halafu akaingiza mkasi kwenye pindo, akakata urefu wa kidole, akasita hapo. Mahameli ilifunguka bila sauti.

Simu ya Toktosun ilianza kuita juu ya lundo la sketi. Jina la Zuurakan liliwaka. Waliitazama wote wawili, mkasi ukiwa bado mdomo wazi ndani ya kitambaa.