Mashine Isiyomsumbua Babu

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwa wazazi, walezi na majirani wa pande zote mbili za ukuta kwamba Kamati ya Kudumu ya Utulivu wa Chumba cha Nyuma imekutana na kuazimia, kwa kauli moja, kununua pawasaplai mpya ya kompyuta. Kauli ilikuwa moja kwa sababu mjumbe wa pili alikuwa amejifunika mto kichwani na hakupiga kura.

Mjumbe wa pili alikuwa Babu, mzazi wa Baba. Mwenyekiti nilikuwa mimi, mwanafunzi wa shule ya bweni niliyekuwa likizo, mwenye sifa nzuri kutoka kwa walimu wote wasionifundisha.

Bibi alifariki nikiwa shuleni. Niliporudi nilikuta vitanda viwili chumbani kwangu, na juu ya kimoja ameketi mzee aliyenitazama kuanzia viatu hadi nywele, akasema, "Karibu, mgane mwenzangu."

Tangu utotoni mwangu Babu alikuwa akiniita mume mwenzake, kwa sababu Bibi aliniita mume wake mdogo, na sisi wawili tuligombania kila kitu chake: kiti cha jirani yake, ukoko wa sufuria, haki ya kumbebea mkoba. Sasa mke wetu hayupo. Vyeo vikabadilika. Nilicheka aliponiita hivyo, naye akacheka, kisha kila mmoja akajifanya anatafuta kitu upande wake wa chumba.

Kati ya vitanda vyetu ilikaa kompyuta yangu ya gemu, niliyoiunga kwa vipuri vya watu waliokwisha kuchoshwa navyo. Pawasaplai ni lile kasha linalopokea umeme wa ukutani na kuugawia mashine nzima. Yangu ilikuwa dhaifu kwa kazi niliyoipa, na feni yake ilipoanza kuhangaika ungedhani helikopta inaomba ruhusa ya kutua uani.

"Hiyo kompyuta au trekta lenye pumu?" Babu aliuliza siku ya kwanza.

"Ni kompyuta, Babu."

"Basi mwambie rubani abiria wote wamekwisha kupanda. Aondoke!"

Kila alasiri ilikuwa hivyo. Mimi nacheza, mashine inanguruma, Babu anaitukana kutoka kitandani kwa ufundi wa mtu aliyefundisha hesabu miaka mingi na kukutana na vichwa vigumu vya kila aina. Nilicheka hadi nikawa napigwa risasi na watoto wadogo kwenye gemu. Lakini nikiizima, anakuja juu zaidi. "Nani kakwambia uzime? Mimi mgonjwa?" Na siku nilipoanza kuchomoa nyaya ili niihamishie sebuleni, uso wake ulibadilika.

"Usihamishe kitu kwa ajili yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuja. Leo mashine, kesho kabati, keshokutwa wewe mwenyewe utalala sebuleni. Halafu watu wataanza kujiuliza nani amezidi humu ndani."

Basi mashine ikabaki, na matusi yakaendelea, na sote wawili tukawa na furaha ambayo hatukuitangaza.

Tatizo liliingia kwa njia ya simu. Shangazi, dada yake Baba, anaishi mji mwingine. Alipiga kumjulia hali baba yake, naye Babu, mbele ya feni, akapaza sauti: "Sikusikii, mwanangu! Nimepangishwa kiwandani! Huyu mtoto wa kaka yako ataniua bila kunigusa!"

Mimi nilianguka kwa kicheko. Shangazi alisikia ngurumo na maneno, uso hakuuona. Jioni hiyohiyo alizungumza na Baba, na Baba akatuletea hukumu akiwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kama anayezuia ukuta usianguke. Shangazi angekuja Jumapili kujionea mwenyewe. Akikuta mzee ana utulivu, mzee anabaki. Akikuta kiwanda, anaondoka naye.

"Mimi si fenicha," Babu alisema. Kisha akageukia ukutani.

Hivyo ndivyo Kamati ilivyokutana, na hivyo ndivyo Baba alivyokubali kugharamia.

Tulikwenda mimi na Babu kwa fundi wa kompyuta anayeitwa Miwani, kwa sababu anavaa moja machoni, ya pili anaiweka kipajini, na muda wote anatafuta ya tatu. Duka lake ni kaunta ya kioo, rafu za vipuri, na kopo la maziwa ya mgando lililojaa skrubu.

"Unataka ya wati ngapi?" aliuliza.

"Nataka isiyosikika."

"Kila mtu anataka isiyosikika. Halafu anaondoka na yenye taa za rangi."

Aliniuliza vipuri vyangu kimoja kimoja, akapiga hesabu kwa midomo, akasema ya zamani ilikuwa inajikamua. Nichukue yenye uwezo karibu mara mbili ya mahitaji yangu. Isipojikamua haipati joto, na bila joto feni haina haraka. Nichague pia yenye feni pana, kwa kuwa pana husukuma hewa ya kutosha hata ikizunguka polepole. Akagonga kasha moja. "Hii hapa, mashine ikiwa na kazi ndogo, feni inasimama kabisa. Inaamka joto likipanda."

Babu aliinama. "Yaani inalala kazini?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mshahara inachukua?"

"Ndiyo maana bei yake iko juu."

Babu alidai kuzisikiliza mwenyewe. Fundi akazima redio, akamwomba mteja mwingine asitafune karanga, akaziunganisha moja moja kwenye mashine yake ya majaribio. Babu aliweka kiganja nyuma ya sikio, akainamia kila moja kama daktari. Ya kwanza aliikataa haraka. Ya pili mimi niliiona safi, yeye akakunja uso.

"Hii ina mbu ndani."

Fundi alisogeza sikio, akatikisa kichwa. "Hapo si feni. Ni koili, umeme ukipita inalia kwa sauti nyembamba. Mzee, hayo masikio yako mazima! Vijana wananunua hii wala hawajui."

Babu alivimba kwa fahari hadi shati likambana. Ya tatu aliisikiliza kwa muda mrefu.

"Imewashwa?"

"Imewashwa."

"Hebu izime."

Fundi akaizima. Babu akasikiliza tena.

"Sioni tofauti. Tunachukua hii."

Njiani aliibeba mwenyewe, ameikumbatia kifuani, na utani ukawa umemwisha. "Shangazi yako akija," alisema, "wewe ndiye utakayeongea. Mimi nitakaa tu."

"Babu, wewe huwezi kukaa tu."

"Nitajifunza."

Niliifunga siku hiyo. Nilibadilisha nyaya zote, maana fundi alinionya kwamba nyaya za pawasaplai moja ukizichomeka kwenye nyingine unaweza kuunguza vitu. Nikabonyeza. Taa ikawaka, skrini ikawaka, na chumba kikawa kimya hivi kwamba nilisikia saa ya Babu mkononi mwake.

Ningependa kuishia hapo na kujipongeza. Lakini Babu alijifunza kweli kukaa tu.

Aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitalini. Mama alisahau chumvi kwenye mboga; Babu akasema chakula ni kizuri. Baba alimkanyaga kidole. Babu akaomba radhi. Nilivaa viatu vyake na koti lake, nikatembea chumbani nikichechemea na kukohoa kama yeye, kosa ambalo zamani lingenitafutia fimbo ya kubuni na hotuba ya kweli. Alitabasamu. "Vizuri, mjukuu wangu."

Mjukuu wangu! Hilo jina ni langu kihalali, lakini lilinichoma. Nilihisi nimefukuzwa cheo. Nilikuwa nimekwisha kumkosa mke wetu bila hata kumuaga, na sasa mume mwenzangu naye alikuwa anaondoka, huku ameketi palepale.

Jumamosi, mwenyekiti akapata wazo ambalo shuleni lingemfikisha kwa mwalimu wa nidhamu kabla ya chai. Babu alipokwenda kuoga, nilichomoa pawasaplai mpya, nikairudisha ndani ya boksi lake, nikalisukuma chini ya kitanda chake, nyuma ya begi lake la nguo. Nikafunga ile ya zamani. Nikafungua gemu nzito kuliko zote nilizonazo. Helikopta ikatua.

Babu alitokea akijifuta masikio kwa taulo. Alisimama mlangoni. Aliitazama mashine, akanitazama mimi. Nilisubiri, midomo imebana kicheko. Nilisubiri trekta. Hata pikipiki ningeipokea.

Aliketi.

"Babu, mashine inaendeleaje?"

"Iko kimya."

"Kimya?"

"Kimya kabisa. Umefanya kazi nzuri."

Nilidhani ananirudishia utani. Nikasema moyoni, haya, tuone nani atasalimu amri. Nikaongeza kila kitu kinachoweza kuongezwa kwenye gemu, na feni ikaanza kulia kama inayochinjwa. Babu alijilaza, akafumba macho. Kope zake zilikuwa zinatetemeka, na vidole vimeshika ukingo wa godoro.

Kelele ileile ndiyo iliyotuzuia kusikia hodi. Shangazi alikuwa amepata usafiri mapema. Nilipogeuka alikuwa tayari chumbani, mkoba begani, na Baba nyuma yake ameshika paji la uso.

"Shikamoo, Baba," Shangazi alisema kwa sauti kubwa. "Hii kelele yote ni ya nini?"

Babu aliinuka, akajitengeneza kola. "Marahaba, mwanangu. Kelele gani? Mtoto ameitengeneza. Iko kimya."

Shangazi alimtazama Baba. Ulikuwa ule mtazamo ambao watu wazima hupeana juu ya kichwa cha mtoto, ila safari hii mtoto alikuwa Babu. Alinipa ishara nizime. Nilizima. Chumba kikatulia ghafla.

"Baba, hukusikia tofauti?"

"Tofauti gani?" Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Shangazi alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono. "Leo ni siku gani, Baba?"

Aliulizwa hivyo mwalimu wa hesabu. Nilimngoja amjibu kwa swali gumu zaidi, amwambie akae wima, amwambie atoe kidole puani. Alijibu taratibu, kama mwanafunzi anayeogopa kukosea: "Jumamosi, mama."

Shangazi akaanza kulia. "Kaka, tangu lini yuko hivi? Mbona mlinificha? Akili inamtoka mbele ya macho yenu!"

"Juzi alikuwa mzima," Baba alisema. "Juzi tu."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na kinywa, ulimi, na elimu ya shule ya bweni. Nilitazama kibodi.

Shangazi alijifuta uso, akainama kuvuta begi la Babu chini ya kitanda. Begi lilikwama. Alivuta tena, na nyuma yake likaja boksi, kifuniko kikafunguka, pawasaplai ikateleza sakafuni ikiwa bado inang'aa.

Baba aliiokota. "Hii si ile mpya?" Akaniangalia. "Hii si ile mpya?"

"Ni yenyewe," nilisema. "Inafanya kazi, haitoi hata mlio. Ni mimi niliyeitoa leo nikarudisha ya zamani. Babu yuko sawa. Nilikuwa namtania."

Shangazi alimgeukia baba yake. "Kwa hiyo ulikuwa unasikia?"

"Nilianza kusikia nikiwa bado koridoni."

"Na mbona ukasema kimya?"

"Ningesema kelele, ungefungasha."

Nilishusha pumzi. Nilidhani tumeshinda, mzee ana akili timamu, mashine mpya ipo, mwenye kosa amepatikana. Nilikuwa tayari kuadhibiwa kwa adhabu yoyote, hata kuosha vyombo hadi mwisho wa likizo. Lakini Shangazi alikaa kitandani, akafungua begi, akaanza kukunja mashati ya Babu moja moja, kwa upole, akiyanyoosha kwa kiganja.

"Baba," alisema, "mtu akifika mahali anaogopa kusema kelele ni kelele, huyo amekwisha kuwa mgeni. Sitakuacha uwe mgeni."

Nilimtazama Babu nikitaka abishe, yeye anayebisha hata na utabiri wa hali ya hewa. Alikuwa ananitazama mimi.

"Lakini wewe," aliniuliza, "kwa nini uliirudisha?"

Nina akiba kubwa ya uongo. Shule imenilea vizuri. "Nilikuwa nafanya majaribio, Babu. Kiufundi, lazima ulinganishe ya zamani na mpya mashine ikiwa na kazi nzito, ili ujue kama…"

"Nimesimamia mitihani mingi," alisema. "Anayeibia majibu namjua kwa shingo tu. Inua kichwa."

Niliinua. Kamati ikavunjika hapo.

"Nilitaka unigombeze," nilisema. "Tangu tuinunue hujanitukana hata mara moja. Umekuwa unaniambia vizuri, vizuri, kama mtu nisiyemjua. Nilidhani kelele ikirudi, na wewe utarudi."

Babu akalitwaa shati lake mikononi mwa Shangazi, akalivaa, akasema, "Mgane mwenzangu, hebu washa hilo trekta lenye pumu."