Nota Zilizopanga Foleni

Mkurugenzi mpya wa bendi yetu tulimwita Rula, kwa sababu alituongoza kwa rula ya plastiki badala ya mkono. Muziki alisoma chuoni, hilo sikatai. Lakini mtu aliyekaa ofisi ya utumishi miaka kumi akipanga likizo za watu, ukimpa bendi ataipanga kama likizo. Sisi ni bendi ya shirika la maji. Mabomba ya mtaani kwangu yanakohoa hewa wiki nzima, ila bendi ya shirika ina suti za bluu, na kila Jumamosi mchana inapiga jazi ukumbini ili wakubwa na wageni wao wale huku wakisikiliza.

Mimi nilikuwa saksafoni ya kwanza, kiti nilichokikalia miaka kumi na tisa. Maana yake, wimbo ukishapigwa mara mbili wenzangu wananyamaza, nabaki mimi na kinanda, besi na ngoma, napiga solo, kitu ambacho hakijaandikwa popote. Ndicho kitu pekee ninachokijua duniani. Shule niliishia darasa la tano, na nota za karatasini nazisoma kwa kusuasua, kama mtu anayesoma hati ya mahakama.

Alhamisi moja, baada ya mazoezi, Rula akanisimamisha mbele ya wote.

"Mzee, solo zako zimekuwa kavu. Nota zote urefu mmoja, mapambo hakuna. Jumatano ijayo utapiga mbele ya kamati. Ukishindwa, kiti anapewa mwingine, wewe unahamia nyuma kwa wapiga nota ndefu."

"Kamati ya nani?"

"Mimi na afisa uhusiano."

"Afisa uhusiano anajua saksafoni?"

"Anajua wageni wanavyolalamika."

Kisha akanipa karatasi. Alikuwa ameuchora wimbo wote na kutia alama nyekundu mahali pa mapambo. Kila ukihesabu moja mpaka nne mara nne, alama. Tena mara nne, alama. Hata likizo zake hazikupangwa sawasawa hivyo.

Nilimtazama mpiga ngoma, rafiki yangu wa siku nyingi, tunayemwita Pasua kwa sababu ya ngozi za ngoma alizozipasua. Nilitaka anitetee. Yeye alikuwa anafungua skrubu za ngoma zake kana kwamba hajasikia. Tulipotoka nje ndipo akafungua mdomo.

"Usinikasirikie, kaka. Lakini ni kweli. Siku hizi nota zako zinatembea kama watu kwenye foleni ya vitambulisho. Kila mmoja nyuma ya mwenzake, hakuna hata anayecheka."

"Na wewe umeingia kwenye kamati?"

"Zamani ulikuwa unanisumbua. Nikidhani utaingia hapa, unaingia pale. Nota unaionja kwanza ndipo unaikalia. Nilikuwa nakulaani, lakini nilikuwa macho. Sasa naweza kukupigia ngoma nikiwa nimesinzia."

Tarehe ambayo solo zangu zilikauka naijua. Ni miaka miwili sasa, tangu nilipomzika mke wangu.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele kilikuwa karakana yake: cherehani ya kukanyaga dirishani, meza ya kukatia, nguo za watu misumarini zikiwa na vikaratasi vya vipimo. Mimi nilifanyia mazoezi kwenye stuli kati ya meza na mlango, maana pengine hapakuwepo. Mwanzoni tuligombana. Baadaye nikazoea kupiga juu ya mguu wake. Cherehani yake haikwenda sawasawa hata siku moja. Kwenye mshono mrefu wa ubavuni alikimbia. Kwenye kwapa alipunguza. Kwenye kola alikanyaga mara tatu, akasimama, akakanyaga mara mbili, akasimama tena. Akikimbia, mimi navuta nota moja ndefu. Akisimama, nalijaza lile pengo: napachika nota tatu mahali pa mbili, au naizunguka nota moja, juu yake kidogo, chini yake kidogo, ndipo naingia ndani. Yeye hakujua jina la nota hata moja. Angesema tu, bila kuinua kichwa, "Hapo umenikanyagia pindo." Au, "Hapo patamu. Rudia."

Mguu wake ulivimba ghafla, kisha kifua kikabana. Tulilala naye hospitali siku tatu. Mashine ya picha ilikuwa mbovu, mwenye ufunguo wa chumba cha mashine ya pili alikuwa kwenye semina, na mganga mkuu akatuambia tusubiri Jumatatu. Alikufa Jumapili, saa nne asubuhi. Baadaye waliniandikia barua kwamba wamesikitika. Ilikuwa na mhuri.

Siku nne nilijifungia na karatasi ya Rula, nikitoka Jumamosi tu kwenda kupiga ukumbini. Jumanne nikaibeba saksafoni hadi kwa binti yangu, aliyerithi ufundi na cherehani ya mama yake.

"Mwanangu, nikanyagie kidogo nipige."

"Baba, nimeifunga mota ya umeme, haikanyagwi tena."

Akaibonyeza nisikie. Ilinguruma sauti moja, ikameza kitambaa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupumua.

"Itoe mota. Ukanyage kama alivyokuwa anakanyaga mama yako. Unakumbuka? Mara tatu, anasimama. Mara mbili, anasimama."

Binti akazima swichi. Alikaa anaziokota nyuzi kwenye gauni la mteja, moja moja.

"Baba, mama alikuwa anasimama kwa sababu ya mguu. Ulikuwa unamuuma."

"Mguu uliuma wiki ile ya mwisho."

"Ulimuuma tangu mimi nipo darasa la saba. Alikuwa anashika paja, anasubiri maumivu yapungue, ndipo anaendelea. Nilimwambia akuambie. Akasema, nikimwambia atanihurumia, atakwenda kupigia uani, na mimi napenda anapopigia hapa."

Nilihesabu. Miaka tisa. Stuli yangu ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye mguu ule. Nilitaka kumlaani mganga mkuu, maana ndiye niliyezoea kumlaani, nikamkosa. Nikatafuta mwenye ufunguo, naye nikamkosa.

"Chai ipo, baba," binti akasema. "Kaa kwanza."

Sikukaa.

Jumatano asubuhi ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza. Rula alikaa mbele na rula yake, afisa uhusiano pembeni yake akichezea simu. Pasua alinigusa bega, akaenda nyuma ya ngoma zake. Kinanda na besi walikuwa tayari.

Mara ya kwanza nilipiga karatasi. Kila penye alama nyekundu nikaweka pambo, la kuzunguka hapa, la nota tatu pale, nikarudi kwenye foleni. Yalikuwa kama vifungo vilivyoshonwa kwenye shati lisilo na matundu. Rula mwenyewe alikunja uso.

"Umefuata nilivyoandika?"

"Neno kwa neno."

"Basi sijui." Akaigeuza karatasi kana kwamba jibu liko nyuma. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni mtu tu, naye hajui. "Mzee, achana nayo. Piga zako. Zile za zamani, ambazo watu wanazisimulia."

Pasua akagonga fimbo, moja, mbili, tatu, nne. Kinanda kikaanza. Nikaweka saksafoni mdomoni, vidole mahali pake, pumzi imejaa. Pasua ni rafiki. Alinipunguzia ngoma, akaniachia mapengo kama yale ya kwenye kola, mapana, mtu yeyote angeyaingia. La kwanza likaja. Nikaliona, na ndani yake nikaona mkono umeshika paja. Likapita. La pili likaja, likapita. Nikasema la tatu, la tatu naingia.

Afisa uhusiano akaweka simu chini, akamwinamia Rula.

"Ameshaanza?"

Rula akaishusha rula yake mapajani. Mpiga kinanda akafika mwisho wa wimbo, akanitazama, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, akarudi mwanzo.