Miwani Juu, Miwani Chini

Wauguzi wenzake katika wodi ya watoto walimwita Darubini, naye aliitika bila kinyongo. Alivaa miwani nzito tangu ana miaka tisa. Akiivua, mtu aliyesimama mlangoni alikuwa kivuli tu, lakini kitu cha mkononi, hata kiwe unywele, alikiona vizuri. Alishayazoea macho yake.

Alipotimiza miaka arobaini na sita, mambo yakaanza kwenda kombo. Maandishi ya karibu yalicheza. Alisogeza faili mbali, akalirudisha, akahamia dirishani. Alifuta miwani kwa pindo la sare mpaka pindo likachakaa. Kisha akagundua kwamba akiipandisha kwenye paji la uso, herufi zinatulia. Basi ikawa ndiyo kazi: miwani juu, miwani chini, kutwa nzima, na moyo ukimwenda mbio. Baba yake, aliyepofuka kwa presha ya macho, naye alianza hivyo hivyo, kwa kulalamikia taa.

"Si uende kliniki ya macho?" mume wake, fundi bomba, alimuuliza wakinywa chai. "Iko hapo hapo kazini kwenu."

"Nitakwenda."

"Ulisema hivyo mwezi uliopita."

Aliinuka akaanza kufuta meza ambayo alikwisha kuifuta.

Jumanne asubuhi alitakiwa kumchoma sindano mtoto wa miezi saba. Dawa ilikuja kwa nguvu mbili, miligramu kumi na miligramu mia moja, kwenye vichupa vinavyofanana, lebo zenyewe ndogo kama ukucha. Alisoma kumi. Akavuta dawa, akaenda kitandani na kichupa mkononi. Mama wa mtoto alikuwa ameshika kile kiguu kwa mikono miwili.

Darubini alisita. Alipandisha miwani, akakileta kichupa karibu na pua. Mia moja.

"Nisubiri kidogo, mama," alisema.

Aliimwaga dawa kwenye sinki. Halafu akaenda kwa msimamizi wa wodi.

"Dada, nilimpimia mtoto dawa mara kumi ya kipimo chake. Sijamchoma. Ila leo sishiki tena sindano."

Msimamizi alimwonyesha mlango. "Mwenzako atampa. Wewe shuka kliniki ya macho sasa hivi, na usirudi bila karatasi yao."

Kwenye benchi la kusubiri aliinuka mara tatu aondoke. Mara ya tatu alifika hadi getini, akarudi. Mpimaji wa macho alikuwa kijana wa umri wa kifungua mimba wake.

"Anza na presha; ndiyo iliyompofusha baba yangu," Darubini alimwambia kabla hata hajaketi.

Kijana alipima, akachungulia ndani ya jicho, akapima tena. "Presha yako ni nzuri, mama. Ila kwa sababu ya mzee, uje kila mwaka."

"Sasa mbona sisomi?"

"Lenzi ya ndani ya jicho inakakamaa umri ukienda. Miwani yako ilipimwa kwa ajili ya kuona mbali. Ukisoma nayo, jicho linapaswa kujikaza, na nguvu hiyo imepungua. Ukiivua, macho yako yanaona karibu yenyewe, kama yalivyozaliwa."

"Kwa hiyo sipofuki."

"Hupofuki. Unazeeka tu."

Alicheka, kisha akajikuta anafuta machozi.

Alitengenezewa miwani ya kuonea mbali kwa juu na karibu kwa chini. Wiki ya kwanza ngazi zilimyumbisha, akawa anashuka kama bibi harusi aliyeazima viatu. Kila dawa aliyovuta alimpa mwenzake kichupa: "Soma kwa sauti." Wengine walinung'unika. Hakuwajali.

Lakini hakutulia mpaka siku mtoto yule aliporuhusiwa kwenda nyumbani. Alimfuata mama wa mtoto koridoni akamweleza yote, mpaka ile mia moja. Yule mama alimsikiliza huku akikaza mbeleko.

"Ungeniambia siku ile, ningekimbia naye."

"Najua."

"Na mwingine asingeniambia kabisa."

Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akaondoka bila kuaga. Darubini alibaki amesimama pale koridoni, hajui kama ameshukuriwa au amelaaniwa, hadi msimamizi alipomwita: kitanda namba nne kilikuwa kinasubiri dawa.