Zaire Milioni Hamsini za Muzee Kataliko

Mahari ya binti haipokelewi katika nyumba ambamo mahari ya mama yake haijakamilika. Hiyo ndiyo sheria tuliyorithi, na Muzee Kataliko aliitamka mbele ya familia yote juma lile lile ambalo wakwe walikuwa njiani kutoka Butembo kuleta mahari ya mjukuu wake, Fabiola.

"Kambale," alimwambia baba yake Fabiola, "uko na deni langu. Ulipomuoa binti yangu Philomène, mbuzi mumoja alikosekana."

Ni kweli, nami ni shahidi, kwa kuwa nilikuwa msemaji wa Kambale siku ile ya mwaka 1993 kama nilivyo hata leo. Badala ya kwenda kutafuta mbuzi katika milima ya Masisi, kijana Kambale alisimama akatangaza kwamba mbuzi ni mambo ya kale. Yeye angemlipa baba mkwe zaire milioni hamsini, noti kumi tu za milioni tano, zisizokula majani wala kuchafua uwanja. Kabla hajazileta, serikali ikabadili fedha. Zaire ya zamani ikafa. Zaire mpya ikaja, nayo ikafa. Franka ikachukua kiti. Kambale alidhani deni limezikwa pamoja na fedha. Muzee hakuhudhuria mazishi hayo.

"Papa, nitakuletea mbuzi wawili kesho asubuhi," akasema Kambale.

"Mbuzi ni mambo ya kale. Si ulisema?"

"Basi dola."

"Tulipatana zaire. Mimi sibadilishe maneno sawa na serikali. Noti kumi, na hata moja isikuwe imepasuka. Bila ile, wageni watarudi Butembo na mali yao."

Fabiola alipiga magoti mbele ya babu yake. "Koko, unataka nizeekee hapa kwa sababu ya makuta, pesa ambazo hata mwenda wazimu haokote?"

"Uzee si ugonjwa, mutoto yangu."

Tukaenda sokoni Birere, Kambale nami, kwa Akonkwa, mbadilishaji fedha. Tangu benki zifunge milango, meza yake ndogo imekuwa benki, naye amejipatia kiburi cha gavana.

"Zaire?" Alicheka hadi akaishika meza. "Papa Kambale, mimi niko nakataa franka iliyobandikwa skochi, na wewe unaniletea maiti!"

Alikubali kutafuta. Hapo Kambale, akiogopa kwamba wenye noti wangepandisha bei kama wangejua shida yake, akatenda upumbavu ambao nilimwonya asiutende. "Usitaje jina langu," akamwambia. "Sema ni Muzungu wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, ndiye anazinunua, za makumbusho."

Kitu kinachotafutwa na baba mwenye shida hupewa bei ya huruma. Kinachotafutwa na Mzungu, bei yake haina mwisho. Asubuhi noti moja ilikuwa dola moja. Kufikia adhuhuri, dola tatu. Mjane mmoja alivunja sanduku la nguo la marehemu mumewe. Mwingine alileta sarafu za Wabelgiji, akatukana aliponyimwa dola. Waliokuwa na noti za milioni tano hasa walizirudisha chini ya godoro wakingoja bei ipae. Dereva wa pikipiki alipita akipiga kelele, "Zaire imepanda!" na fedha iliyokufa miaka thelathini ikawa na afya kuliko franka.

Siku moja kabla ya wageni kufika, Akonkwa akatuita. Fungu la noti kumi, nzima, limefungwa kwa uzi wa wavu.

"Ya muzee mumoja, mutu wa heshima," akasema. "Alikataa hata dola yenye kukunjwa. Dola kumi kila noti, ama anazipeleka mwenyewe Gisenyi."

Kambale alilipa dola mia moja, bei ya mbuzi wawili walionona. Sikumkumbusha onyo langu, na ninahesabu hilo kuwa sadaka. Niliona tu kwamba noti zilinuka samaki wa chumvi.

Siku ikafika. Wageni walikaa nje chini ya hema, wakiimba. Ndani, Kambale alipiga magoti na kumtolea baba mkwe kikapu. Philomène alimshika Fabiola mkono. Harufu ya samaki ikajaa sebuleni. Muzee alivaa miwani, akalitwaa fungu, na kidole chake kikakwama kwenye fundo.

"Umezitoa wapi?"

"Birere, Papa."

"Yule Muzungu wa Gisenyi hakuzichukua?"

Kambale akainua kichwa polepole. "Papa, nani alikuambia habari ya Muzungu?"

Ndipo mke wa Muzee, Mama Kahambu, alipoangua kicheko. "Yesu wangu! Ile fundo ni ya wavuvi wa Vitshumbi! Makuta yake ya kuuzisha samaki, miaka yote chini ya kitanda yangu! Jana nikalala bila harufu, nikasema panya wamehama!"

"Nyamaza, mama," Muzee akamkatiza.

"Ninyamaze namna gani, na pua yangu iko inasema?"

Kambale alikuwa bado magotini. "Kwa hiyo dola zangu mia moja..."

"Ziko uani," Muzee akajibu kwa sauti ndogo. "Zinakula majani." Alikuwa amenunua mbuzi wawili kwa ajili ya karamu ya Fabiola. "Nilitaka uombe musamaha tu, Kambale. Nani angejua utapata?"

Akazigeuza noti moja moja akitafuta kasoro. Lakini kuzilaumu kulikuwa kujilaumu mwenyewe. "Zimetimia," akasema. "Hakuna yenye kupasuka. Waite wageni."

Fabiola alipiga kigelegele kabla sijafungua kinywa, jambo lisilofaa kwa binti anayeolewa. Nikaenda mlangoni, nikatangaza kwamba mahari ya mama imekamilika na ya binti ikaribishwe. Wageni wakaingia kwa wimbo, na katikati yao akaingia mbuzi mmoja wa uani aliyekata kamba. Alielekea moja kwa moja kwenye chumvi ya noti mkononi mwa Muzee, akaikamata noti ya juu kwa meno. Muzee akavuta, mbuzi naye akavuta. Milioni tano zikapasuka katikati.

"Ilikuwa nzima nilipokupa, Papa," akasema Kambale, akisimama na kupangusa magoti. "Shahidi huyu hapa."

Nikathibitisha.