Vyuma Vitatu kwenye Mshipi

Kwa chuma kimoja cha kuzamisha mshipi, samaki wa plastiki wa chambo aliogelea nyuma ya boti mbali juu ya nyavu za watu. Kwa viwili, alizipita kwa urefu wa mkono tu. Rispa aliyajua hayo kwa vidole, maana miezi mitano sasa ndiye aliyeshika mshipi katika boti ya mjomba wake, Wangwe.

"Funga cha tatu," Wangwe alisema siku hiyo, ziwani nje kidogo ya Karungu. "Samaki wetu, mbuta, wameshuka chini. Na jua kali hivi, wewe ungekaa juu?"

"Mjomba, hapa kuna nyavu."

"Umekuwa mwalimu wangu? Funga, nyathina, mwanangu."

Akafunga. Hawakwenda mbali, mshipi ukakaza ukamkata kiganja. Samaki hutikisa, hiki kilikuwa kizito tu, kama gunia la mchanga. Wangwe akazima injini. Walipovuta, wavu ukaonekana chini ya maji, na kule mbali boti ya bluu ikageuza pua kuja kwao.

Mwezi uliopita wezi wawili wa nyavu walikamatwa majini. Boti yao ilirudi ufukweni. Wao hawakurudi.

"Lete kisu," Wangwe akanong'ona. "Tukate wavu twende."

"Tukikata tumekuwa wezi."

"Basi kata mshipi!"

"Na vyuma vyako? Nani mwingine hapa Karungu anayevitengeneza kwa kuyeyusha risasi ya betri kwenye vizibo vya soda? Watavikuta huko chini, watufuate nyumbani."

Rispa akakikalia kisu. Kisha akafanya wanavyofanya wavuvi wa pale wakinasa wavu wa mtu: akasimama, akainua kasia wima, asiguse kitu mpaka mwenyewe afike. Alikuwa anawaita watu wenye uwezo wa kumuua.

Walikuwa wanne, mmoja na panga. Masese, mwenye wavu, hakusalimia.

"Wangwe! Kumbe ni wewe unatumaliza?"

"Ndugu yangu, tumenasa tu, haki ya Mungu..."

"Nyamaza. Namuuliza aliyesimama. Wewe, msichana, mmekata?"

"Hatujagusa, baba."

Masese akauvuta wavu kidogo kidogo, akipapasa tundu lake moja baada ya jingine. Rispa akavifuata vidole vyake kwa macho. Hata kama ni mbuta mwenyewe aliyeuchana, nani ataamini? Mara mkono wa Masese ukasimama. Mwenye panga akasogea. Masese akaleta uzi karibu na macho, akautazama weee.

"Hiki kiraka ni changu, nilikishona mwenyewe zamani," akasema mwishowe.

Akamnasua yule samaki wa plastiki, akamtupia Wangwe miguuni, na vyuma vyote vitatu akavirusha ziwani.

"Endeni. Polepole, niwaone."

Walipofika mbali Wangwe akajaribu kucheka. "Wamekutisha, eh?"

Rispa alikuwa akitazama nyuma. Boti ya bluu ilikuwa inawafuata, haikaribii, haibaki nyuma, na wale wanne walikuwa bado wamesimama.